Nyumba Kenda za Shirika

Mama Émerance alihesabu nukta, moja kwa kila nyumba, kwenye bango la utafiti lililobandikwa ukutani, katika salle, ukumbi wa parokia, kisha akahesabu tena kwa kidole. Thelathini na moja. Chini yake iliandikwa kwamba chujio kipya cha maji kinakinga watoto na kuharisha. Lakini nyumba zilizopewa chujio zilikuwa arobaini. Yeye mwenyewe alizipitia kila Jumamosi, miezi sita, akifuata zamu za sala katika daftari la shirika lake, jumuiya ndogo ya parokia.

Docteur Anselme, mwenye utafiti, akamsogezea ripoti na biki. Ilikosa sahihi moja tu, yake yeye, mama wa shirika, kwa niaba ya familia, na bila hiyo université isingeipokea.

“Docteur, ile manyumba kenda iko wapi?”

Akajibu bila kumtazama kwamba zile ni aberrantes. Zimepotea njia, zinamharibia hesabu, kwa hiyo amezitoa.

Mama Émerance alizijua zote. Ndizo nyumba ambamo mtoto alikunywa maji ya chujio na bado akaharisha. Ya kwanza ilikuwa ya Claudine, aliyekaa benchi la mbele na Plamedie mapajani, mtoto aliyelala hospitalini siku nne na serum ikidondoka mkononi. Bango likibaki vile, mtaa mzima utaacha kuchemsha maji.

Akatoa ndani ya kitabu cha nyimbo karatasi ya mpango wa utafiti, ile ambayo Anselme aliwasomea siku ya kwanza: nyumba zote zitahesabiwa, matokeo yawe yoyote.

“Mama, ulisoma mpaka wapi?” Anselme akauliza.

“Mpaka ya sita. Kuhesabu arobaini, inatosha.”

Watu wa shirika mabenchini wakacheka. Anselme akasema kwamba wajane wa kanisa wakikosa kazi wanajifanya maprofesa. Kicheko kikakatika.

“Yezu alitafuta ule alipotea,” Mama Émerance akasema polepole. “Weye, unamufuta.”

Akashika biki. Anselme akashusha pumzi, mapema mno. Juu ya mstari wa sahihi mama akaandika zile nyumba kenda, moja moja, na siku ambayo mtoto wa kila nyumba alianza kuugua. Ndipo akatia sahihi.

Anselme akamwambia amechafua ripoti. Akatoa nakala nyingine, akauliza nani mwingine wa shirika anaweza kusaini. Claudine akaingiza mikono chini ya kikwembe alichojifunga. Benchi kwa benchi, wengine nao wakaficha mikono.

“Iko ile moja tu, Docteur,” Mama Émerance akasema, akimrudishia biki. “Peleka ile.”