Kapu la Nyumba ya Kilash

Hao wanaosifia ziwa leo, wanaopanda maboti na kupiga picha za msitu wa hifadhi, wanaelea juu ya meko yetu. Lakini nisianze, nikianza nitatukana bure.

Mwaka ule wakubwa walipolijaza ziwa maji ili Taiwani yote ipate umeme, sisi Wathao wa ufukweni tulipewa siku tatu tuwe tumehama. Ishul alimbeba mama yake mgonjwa mgongoni hadi makao mapya, kule nyuma ya miti ya kafuri. Kwa mumewe, Kilash, aliacha agizo moja tu. "Baba Puni, kapu. Vingine viache vioze, lakini kapu ulete."

Kwetu kila nyumba ina kapu la wahenga. Mtu akifa nguo zake hutiwa humo, na siku ya sikukuu makapu hupangwa mstari mbele ya bibi kuhani, naye huwaita wafu kwa majina waje kula. Katika kapu la Ishul mlikuwa na koti la buluu la Puni, binti yake wa pekee, aliyechukuliwa na homa ana miaka mitano. Kitoto cha visa kile! Kilipokuwa hai, kilikuwa hakiji kula mpaka kisikie baba yake ameitwa kwanza. Ishul hakubakiza hata utepe wa nywele zake. Vyote alivitia kapuni, kama desturi inavyotaka.

Kilash alirudi siku ya tatu jioni, amelowa chapachapa, kapu begani. "Hili hapa, Mama Puni." Moyo wa Ishul ukatulia.

Mwaka ukapita. Asubuhi ya sikukuu Ishul akakuta panya wametoboa kapu. Kapu la wahenga halifunguliwi ovyo, lakini panya hana adabu, ikabidi ainue kifuniko aone hasara. Lo! Ndani mlikuwa na mashati mawili ya Kilash na suruali yake ya kuvulia samaki, hakuna kingine.

"Baba Puni! Hebu njoo hapa! Nini hiki?"

Kilash alikuja na mtungi wa pombe ya mchele. Alipoona kifuniko kiko wazi, aliketi chini palepale.

"Nilianza kuokoa nyavu," alisema. "Nikajua kapu liko darini, maji hayafiki upesi. Niliporudi nyumba imeangukia majini, kapu halipo. Nilipiga mbizi mpaka damu zikanitoka puani. Ndipo nikasuka jingine mfano wake, nikatia nguo zangu lisiwe tupu."

"Nyavu! Mwanangu umemwacha majini kwa ajili ya nyavu! Mwaka mzima namwandalia mtoto wali, kumbe nalisha suruali yako!"

"Nilishindwa kukwambia."

"Ulishindwa! Mdomo wa kuomba supu mbona unao?"

 

Nguo ya mtu hai haitiwi kapuni, ni kujitakia kifo. Ishul angeweza kuzitoa, lakini kapu tupu halipangwi mstarini. Alibamiza kifuniko, akalibeba kapu, akaenda nalo mstarini, Kilash akimfuata.

Bibi Apin, kuhani wetu, alipofika kwenye kapu lake aliuliza, "Nyumba ya Kilash, niwaite nani?"

Ishul akawataja wakwe zake. Kisha akasema, "Na Kilash."

Watu wakaguna, naye bibi akashangaa. "We mjukuu wangu, una wazimu? Si yule nyuma yako?"

"Nguo zake zimo, bibi. Mwite." Alitaka mumewe aumbuke mbele za watu. Alitaka aumie kama yeye.

Kilash akasogea hatua moja. "Niite tu, bibi," alisema. "Koti lake nimelipoteza mimi. Lakini akisikia baba yake anaitwa, atakuja kula."

Ishul alifungua kinywa amtukane, machozi yakamtangulia. Bibi Apin akamngoja. Alingoja mpaka Ishul alipoitika kwa kichwa.

"Kilash!" aliita bibi, mara tatu, kama wanavyoitwa wafu. "Kilash! Kilash!" Halafu akaita, "Puni!"

Ishul akaweka bakuli la wali mbele ya kapu, na kando yake kibakuli kidogo. Alimsikia mumewe akilia nyuma yake. Hakugeuka, maana aliyeitwa hatazamwi mpaka amalize kula.