Biskuti ya Mzee Dismasi

Siku ya posa mwali anatakiwa ajifiche chumbani na atulie. Kujificha Scola alijificha, lakini kutulia, thubutu! Alikuwa amebandika jicho kwenye upenyo wa pazia, kila dakika anajikumbusha asicheke kwa sauti.

Wageni waliingia saa nne asubuhi. Mbele alitangulia mshenga, Mzee Oswald, mtu wa maneno matamu. Akafuata Jeremia mwenyewe, fundi wa injini za boti kule Kibirizi, siku hiyo kaoga mpaka harufu ya dizeli imemkimbia. Kisha wakaja shangazi zake wawili, na nyuma ya wote babu yake Jeremia, Mzee Thobias wa Kasingirima, kakumbatia kikapu kilichofunikwa kitambaa.

Scola alipomwona huyo, alishusha pumzi. Amekuja! Jamani, amekuja!

Maana hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mzee Thobias na Mzee Dismasi, babu yake Scola, walikwenda vitani Uganda pamoja, vijana wa miaka ishirini na kitu, wakilala chini ya blanketi moja. Mwaka sabini na tisa wakarudi Kigoma kila mtu na lori lake, na tangu hapo hawakusemeshana. Wakikutana sokoni, mmoja anavuka barabara. Kwenye misiba wanakaa pande mbili. Kisa ni nini? Nyumbani hakuna aliyejua, hata Bibi Rozalia, mke wa Dismasi. Fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na nyasi zenyewe ndizo hizi, Scola na Jeremia, wamependana mwaka wa pili bila ruhusa ya mtu.

Salamu zilikwenda vizuri. Bibi Rozalia akaleta kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Mzee Dismasi, kama ilivyo desturi, akavuta funda la kwanza mbele ya macho ya wageni, ili waone kwamba hakuna alichotia. Kwetu mwenye kutoa ndiye huonja kwanza; asiyeonja hajakukaribisha. Akafuta mdomo, akasogeza kibuyu kwa Mzee Thobias.

Mzee Thobias hakukigusa.

"Leo umeonja," alisema. "Mbona siku ile hukuonja?"

Mzee akafunua kikapu chake, akatoa kopo la bati, rangi ya kijani imebabuka, kifuniko kimezungushiwa nta ya mshumaa iliyogeuka nyeusi. Akaliweka mezani juu ya kile kitambaa kipya alichokifuma Scola kwa wiki tatu.

"Biskuti za jeshi," akasema. "Tulikuwa na siku mbili hatujatia kitu mdomoni. Huyu bwana akanijia na kopo, akanitupia, 'Haya, kula.' Hakuonja! Nikamwambia onja kwanza, akanigeuzia mgongo. Nikalala na njaa yangu. Tangu siku hiyo sijalifungua. Nimeapa sitakula wala kunywa kwa Dismasi mpaka aonje humu. Akionja, mjukuu wangu anaoa. Asipoonja, Oswald, chukua kofia yako twende."

"Toba!" Bibi Rozalia alishika kichwa. "Biskuti ya miaka arobaini na sita! Unataka kuniulia mume?"

"Hata watoto wetu imewazidi umri," alisema Mzee Oswald, maneno matamu yote yamemwishia.

Nyuma ya pazia Scola alisahau kabisa habari ya kucheka. Babu yake alikuwa na kiburi, na hilo halikuhitaji shahidi. Angesema neno moja tu, "Nendeni", na mambo yangeishia hapo. Alimtazama Jeremia, akamwona ameinamisha uso, vidole vyake vya ufundi vinasokotana.

Mzee Dismasi alilivuta kopo karibu yake.

"Ulinidai nionje mbele ya kikosi kizima," alisema. "Mimi, niliyekufunika blanketi langu! Mtu akishakudhania sumu, utamjibu nini? Lakini leo si siku yangu, ni ya mjukuu wangu. Lete kisu."

Kisu kililetwa. Nta ilibanduka vipande vipande. Kifuniko kikagoma, kikagoma, halafu kikaachia kwa mlio, na harufu ikatoka: mafuta yaliyochacha, bati, na sanduku la nguo lililofungwa mwaka mzima. Mwanamke mmoja wa upande wa wageni alikimbilia mlangoni. Scola hakuweza tena. Desturi au si desturi, akasukuma pazia na kutoka.

"Wee Scola! Rudi ndani!" alifoka bibi.

"Bibi, subiri kidogo! Tazameni!"

Biskuti zilikuwa zimepangwa vizuri, za mraba, kavu, rangi ya udongo wa tofali. Na ile ya juu kabisa ilikuwa imeng'atwa pembeni.

Walisogea wote, vichwa vikagongana.

"Panya," alisema Mzee Thobias haraka.

"Panya gani anayeziba kopo kwa nta?" Jeremia alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie. "Babu, wewe si umesema hujalifungua?"

"Sijalifungua! Naapa! Lakini nitajuaje ni meno ya nani? Mwenyewe hana hata moja!"

Kweli, Mzee Dismasi alikuwa kibogoyo mwaka wa kumi sasa. Alikuwa amekaa tu, anatazama ile biskuti. Scola akainama karibu na kopo. Pale palipong'atwa palikuwa na mashimo mawili, na katikati yake kumebaki ukuta mwembamba wa biskuti, jino halikuupitia. Aliujua ukuta ule! Aliuona kila siku kwenye maandazi, kwenye muhogo, kwenye kila alichong'ata.

Akaichukua biskuti, akachovya kona yake ya pili kwenye kikombe cha chai ambacho bibi yake alikiacha mezani tangu asubuhi, akahesabu kimoyomoyo mpaka sitini.

"Mwanangu, utakufa!" bibi alilia.

"Nitakufa nimeolewa," Scola alijibu, akang'ata.

Loo! Mwanzoni ilikuwa chumvi, halafu bati, halafu uchungu wa mafuta ukampanda mpaka puani, machozi yakamtoka. Na chini ya hayo yote, kwa mbali, kulikuwa na utamu mdogo wa ngano, umekaa humo miaka yote hiyo unasubiri mtu. Akameza. Akaiweka biskuti mbele ya Mzee Thobias, kisha akatabasamu, mwanya wake wazi, ule mwanya ambao mtaa mzima ulisema kaurithi kwa babu.

Huku mashimo mawili na ukuta katikati. Huku mashimo mawili na ukuta katikati.

Mzee Thobias alitazama kona moja, akatazama ya pili, akamtazama binti.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema Mzee Dismasi polepole. "Nilionja kwenye handaki kabla sijakuletea, nikaziba kwa mshumaa zisilowe. Ningekula zote, Thobi. Nilikuwa na njaa kama wewe. Niling'ata mara moja tu, nikakuletea."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukufungua?"

Mzee Thobias alivunja kipande cha biskuti, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa meno yake machache, huku akilia na kucheka, makombo yakimwangukia kwenye koti.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kweli, Dismasi."

"Siku ile ilikuwa tamu."

Bibi Rozalia alishtuka, akakumbuka wajibu wake. Akakiinua kibuyu ambacho mgeni hakukigusa, akamkabidhi mumewe aonje kama desturi inavyotaka. Mzee Dismasi alikuwa ndio kwanza anausogeza mrija mdomoni, Mzee Thobias akampokonya kibuyu mkononi, akanywa yeye wa kwanza.