Sungura Waliolishwa Ndizi

Panya weupe walioletwa kutoka Dar es Salaam hawakuiweza Lushoto ya mwezi wa saba. Baridi iliwamaliza kabla hatujawapa dawa yoyote, na Dakta Nikodemo, aliyetumwa kuongoza chumba chetu cha kuchunguza dawa za asili, akaniambia nitafute mnyama anayejua kuishi milimani. Nikaenda Rangwi kwa masista, nikarudi na sungura ndani ya matenga juu ya keria ya basi. Tangu hapo watu wakaniita Mama Sungura badala ya Raheli. Sikuwabishia, maana kweli nilinuka kama wao.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tukihimizwa kujitegemea hata kwa dawa. Waganga wengi walitujia wakitaka karatasi yenye muhuri wakaitundike ukutani. Bibi Dorkasi wa Malindi, kijiji cha hukuhuku milimani, si ile ya pwani, alikuja akitaka kingine. Aliketi kwenye benchi letu, kikapu cha magome miguuni, akasema anataka kujua kilichomuua Salimu: ni dawa yake au ni ndizi.

Nilidhani bibi wa watu amechanganyikiwa, lakini alieleza vizuri kuliko wasomi wengi ninaowajua. Salimu alikuwa mtoto wa jirani yake, Mwajuma. Aliharisha, Bibi akampa dawa yake ya tumbo, ileile iliyonyweshwa nusu ya Malindi. Dawa hiyo ina mwiko: aliyeinywa hali kitu mpaka kesho yake. Mtoto akafa usiku uleule. Msibani Bibi akamwuliza Mwajuma mbele za watu kama mtoto alikula. Mwajuma hajui kusema uongo. Akajibu kwamba alimpa ndizi ya kuchemsha.

Basi, kijiji kikawa kimepata jibu. Wanawake wakaacha kuchota maji pamoja na Mwajuma. Hamisi, mumewe, akamrudisha kwao Mombo hata arobaini ya mtoto haijapita.

"Nilimwuliza mimi," Bibi akaniambia. "Wengine walirudia tu."

Dakta Nikodemo alikuwa radhi kuipima dawa, lakini mwiko ulimchekesha. Alisema maabara haipimi miiko. Bibi akafunga kikapu chake, akasimama, akaaga kwa adabu zote. Alikuwa ameshafika mlangoni daktari alipomwita arudi.

Tukawagawa sungura mafungu. Wengine walipewa maji matupu, wengine dawa peke yake, wengine dawa na ndizi juu yake. Bibi aliipika dawa mwenyewe kwenye jiko letu la mkaa, akaiepua mara povu lilipokatika, akaonja kwanza kama alivyofundishwa na mama yake. Mimi niliwashika sungura, daktari akawapitishia dawa kwa mpira mwembamba hadi tumboni. Ndizi Bibi aliiponda kwa mkono wake. Hakutaka niiponde mimi, akisema vijana tunaacha mabonge.

Hakufa hata mmoja. Walikula majani, wakaendelea kuichafua sakafu yangu kama kawaida yao. Daktari alifurahi, na Mwenyekiti wa kijiji alipopata habari alipanda gari la maziwa kuja kutupongeza. Dawa ya Malindi imepita, akasema, sasa wilaya nzima itatujua. Alitaka siku hiyohiyo Bibi arudi naye akashangiliwe.

Bibi alibaki kwenye benchi. Aliuliza kama dawa haikuua na ndizi haikuua, mtoto aliuawa na nini? Daktari akamjibu kwa upole kwamba kuharisha kwenyewe huua watoto, tena wengi, na pengine Salimu aliletwa akiwa amekwisha kuchelewa. Ilikuwa faraja ya kweli, si ya kumpumbaza mzee. Mimi ningeichukua, nikapanda gari la maziwa nikaenda zangu.

Yeye hakuichukua. Mwenyekiti alipotoka kuvuta sigara, Bibi aliniambia kwamba dawa tuliyowapa sungura siyo aliyokunywa Salimu. Siku ile alikuwa ameinjika chungu, likagongwa gurudumu la chuma, kengele ya kuwaita watu shamba la kijiji. Asiyefika angeandikwa mtoro, hata awe mzee. Akakiacha chungu kwenye makaa. Aliporudi jioni dawa ilikuwa imekauka ikabaki kidogo chini, nyeusi, na Mwajuma alikuwa tayari amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Akampimia kipimo kilekile cha siku zote. Alionja, akasikia uchungu umezidi, akadhani ni kinywa chake tu kilichoshinda na njaa.

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo. Akasema alikuwa akiomba Mungu isiwe hivyo.

Mwenyekiti alikuja juu aliposikia tunaanza upya. Kupima mara ya pili, alisema, ni kutafuta balaa, na kulitaja shamba la kijiji katika habari ya kifo ni kukichafua kijiji na chama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "shamba halikumnywesha mtoto. Nilimnywesha mimi. Nataka kujua nilimnywesha nini."

Tuliiacha dawa kwenye makaa tangu asubuhi hadi jioni. Tukarudia kila kitu, wa ndizi na wasio na ndizi, kipimo kilekile. Sitasimulia kwa urefu. Sungura hawezi kutapika, kinachoingia kimeingia, nami nilikuwa nimewapa majina ingawa daktari alinikataza. Walianza kutetemeka, wakalala ubavu. Waliokula ndizi walikufa. Wasiokula walikufa vilevile. Wa maji walikuwa wakitafuna majani kwenye vizimba vya pembeni, na kwa muda niliwachukia kwa kutafuna kwao.

Dakta Nikodemo alimkalisha Bibi chini. Sungura si mtoto, akamwambia, na hakuna awezaye kuapa kwamba ndicho kilichomuua Salimu.

"Najua, mwanangu," Bibi akajibu. "Lakini ndizi imetoka hatiani."

Jumapili ile Mwenyekiti, akishikilia jaribio la kwanza, aliitisha mkutano ili atangaze ushindi wa dawa ya Malindi. Nilikwenda, na sikwenda kwa kazi. Bibi Dorkasi alisimama kabla hajaitwa. Alisema chungu kiliungua, dawa ikawa kali kupita kiasi, na aliyempa mtoto ni yeye. Alisema Mwajuma hakuvunja kitu. Tangu leo hatampa mtoto dawa hiyo, na mtu mzima atapewa ile tu aliyoiepua mwenyewe. Mtu mmoja nyuma akaguna. Hamisi alikuwa anatazama miguu yake, na nakiri nilifurahi kumwona hivyo.

Kesho yake tulishuka Mombo, mimi na Bibi. Mwajuma alikuwa kando ya barabara kuu akiwauzia abiria machungwa. Alipotuona aliweka sinia chini, akampigia Bibi goti, akasema shikamoo. Bibi akaitika, akaketi palepale juu ya mawe, akamweleza yote: chungu, sungura, mkutano. Hakujipunguzia kitu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na yangekuwa haki yake. Mwajuma aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ile ndizi haikuwa na neno?"

"Haikuwa na neno."

"Hata angeila yote?"

"Hata angeila yote, mwanangu."

Basi la Moshi likasimama, abiria wakaanza kumwita kupitia madirishani wakitaka machungwa. Hakuwageukia.

"Alikuwa amekula nusu," akasema. "Nikaukumbuka mwiko wako, nikamnyang'anya. Alilia akiitaka ile nusu nyingine mpaka akanyamaza."