Nge wa Piko

Talal alikuwa na miaka ishirini na moja, sharubu ambazo aliweza kuzihesabu mbele ya kioo bila ya kukosea, na jambo moja zito la kuamua katika maisha yake: achorwe tatoo au asichorwe. Vijana wa rika lake, mwaka ule wa tisini na nane, walikuwa wakiumiza vichwa kwa kazi, kwa safari ya Maskati, kwa mitihani waliyofeli. Yeye aliumizwa kichwa na nge. Alimtaka nge mweusi, mkia juu, kwenye mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko, mahali ambapo shati likikunjwa ataonekana na likiteremshwa atafichika. Kijana alikuwa shujaa, ila ushujaa wake ulikuwa na tahadhari.

Fikra yenyewe hakuizua yeye. Talal hakuwa mtu wa kuzua. Ilitoka kwa Mabrouk, kinara wa maskani yao ya Mkunazini, kijiwe chao cha kila jioni, ambaye aliwahi kukaa Nungwi miezi miwili akiwakodisha wageni miwani ya kuzamia, akarudi na nanga begani. Tangu siku hiyo Mabrouk hakuvaa tena shati lenye mikono, hata kwenye maziko. Alisema huko Nungwi yuko mtu mwenye mashine, anachora kila Jumamosi nyuma ya nyumba moja ya wageni, na mwanamme asiyestahamili sindano basi akae na bibi zake asuke ukili. Maskani nzima ikageuka kumtazama Talal, kwa sababu maskani nzima ilimjua.

Si kwamba Talal hakumwogopa Mungu. Alimwogopa, hasa kiza kikishaingia. Lakini kilichomzuia zaidi kilikuwa Saadiya. Huyu alikuwa binti wa Maalim Muhammad, yule yule aliyemsomesha Talal chuoni, bakora mkono mmoja na msahafu mkono wa pili, na kwa miaka miwili vijana hawa walikuwa wakipelekeana salamu kupitia kwa Nada, dada yake Talal. Ami yake Talal, Bwana Qais, alikwisha kubali kuipeleka posa kabla ya mwezi kwisha. Sasa wewe ipeleke posa kwa mwalimu wa chuo, na bwana harusi ana nge mkononi.

Nada ndiye aliyeleta ufumbuzi. Kazi yake ilikuwa kuchora maharusi kwa hina na kwa piko, ile rangi nyeusi ya kupaka, na sifa zake zilifika mpaka Mbweni. Bi harusi aliyechorwa na mtu mwengine alionekana kama ameolewa kwa haraka.

"Huna haja ya kujidungisha masindano," alimwambia. "Nnakuchora kwa piko. Kaa nayo wiki mbili, inatoka yenyewe. Ukiwa bado unaitaka, nenda Nungwi kajiharibu. Usipoitaka, ushanusurika."

"Piko si mambo ya wanawake, dada?"

"Ami Qais anapaka ndevuni kila Alkhamisi. Nani kamwita bi harusi?"

Talal akaona hoja imesimama. Alisahau tu kwamba katika mji ule piko ya ndevu ni heshima ya mtu mzima, na piko ya mkono ni ya mwari anayepelekwa kwa mumewe. Wanaume hawakuwahi kuelezana kwa nini iwe hivyo, lakini wote walikubaliana. Akamwapisha Nada asiseme kwa mtu, akakunja shati, akachorwa. Nge akatoka nge kweli, amekaa tayari kuuma. Mwishoni tu mkono wa Nada ukashindwa kuacha mazoea yake: kwenye ncha ya mkia ukatia viduara vitatu vidogo, kama unavyomalizia kila ua la maharusi.

Jioni ile ile Mabrouk alimkuta msikitini akitia udhu. Akaushika mkono, akaugeuzageuza.

"Umekwenda Nungwi bila ya kunambia," alisema.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena pana. Talal akatabasamu. Kufika isha, maskani ilikuwa inasimulia jinsi alivyodungwa saa mbili nzima bila ya kukunja uso, na jinsi mwenye mashine alivyomsifu. Talal hakuongeza hata neno moja, na hilo alilihesabu kuwa ni uaminifu.

Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba lakini habari hupita humo bila ya kugusa ukuta. Siku ya nne Maalim Muhammad akaingia dukani Darajani, kwenye duka la ami yake ambako Talal aliuza vipuri vya vespa. Mabrouk naye alikuwapo, amekaa juu ya matairi, kwani kukaa ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Nionyeshe mkono, mwanangu."

Talal akakunja shati. Maalim akavaa miwani, akautazama kwa kitambo.

"Ya kweli hii?"

Kama angejibu ni piko, Maalim angecheka, angemwita mpumbavu, na posa ingekwenda. Lakini Mabrouk alikuwa pale pale, masikio wazi. Kabla ya alasiri maskani ingekwisha mpa Talal jina la Bi Harusi, na majina ya maskani hayatoki kwa wiki mbili. Mkunazini yuko mzee mwenye wajukuu ambaye mpaka leo anaitwa Kikojozi kwa jambo alilolifanya darasa la tatu. Upande mmoja basi alikuwapo Saadiya. Upande wa pili walikuwapo vijana wanne wa maskani wasio na shughuli. Talal akapima vizuri, akawachagua vijana wanne.

"Ya kweli, Maalim."

Maalim hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Mwili ni amana, Talal. Nilidhani hilo nilikufundisha," alisema, akavua miwani na kutoka.

"Mwanamme," Mabrouk akamsifu, akampiga begani. Talal akateremsha shati. Alimpenda Saadiya, na alijua kwamba anampenda, na bado miguu ilikataa kumkimbilia yule mzee.

Posa ikasimama. Ami Qais, ndevu zake zikimeta kwa weusi, akamwambia kwamba ameitia nyumba aibu kwa kujipaka marangi. Siku ya kumi nge akaanza kupoteza miguu. Siku ya kumi na mbili alikuwa amebaki kivuli tu, na Talal alikuwa akivaa mikono mirefu katika joto ambalo hata paka walilikimbia. Akamwendea dada yake amchore upya.

"Nikuchore tena iwe nini?" Nada akamuuliza. "Nenda kwa Maalim umwambie ilikuwa piko."

"Nshasema ya kweli."

"Basi umesema uongo. Uongo una toba."

"Na Mabrouk je?"

"Kwani Mabrouk ndiye unayemuoa?"

Swali lilikuwa zuri mno kwa Talal. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi akapanda vespa akaenda Nungwi. Hivi ndivyo uamuzi ule mkubwa ulivyofanyika: si kwa kuwa alimpenda nge, maana alikwisha mchukia, bali asije akaonekana mwongo. Mwenye mashine akaufuata ule ule mchoro uliofifia. Talal alilia tangu mguu wa mwanzo mpaka mkia. Mabrouk, aliyeambiwa kwamba nge anakwenda kukolezwa tu, aliahidi kumsindikiza, lakini usingizi ulimshinda.

Alirudi mjini alasiri, mkono umevimba na umefungwa kitambaa ndani ya shati. Nada alikuwa anamngoja kizingitini, buibui bado mwilini, ana furaha ambayo hakuwa nayo kwa wiki mbili.

"Natoka kwao Saadiya," alisema. "Kesho Maalim anakutaka ukanywe chai. Talal, yule mtoto alijua tangu mwanzo, leo ndiyo kanambia. Alikuona dirishani unapita umekunja shati, akaviona viduara vya mkiani. Mimi nnamchora kila Idi, kazi yangu haiwezi kumpotea. Wanawake wa mtaa wote wanajua, ni nyinyi wanaume tu. Baba yake alipotoka dukani kwenu siku ile, kamwambia angoje wiki mbili za piko zitimie. Ikitoka, basi kijana ni mpumbavu tu, na upumbavu si haramu. Isipotoka, yeye mwenyewe hataki. Na hakutaka wewe uambiwe, alingoja useme mwenyewe. Wiki mbili zimetimia leo."

Talal akakaa chini pale pale. Akapandisha mkono wa shati, akakifungua kitambaa.

Nada akainama kuangalia, karibu, kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwengine. Tabasamu lake likafifia kidogo kidogo.

"Mkia kaukosea," alisema, akaingia ndani akilia.

Kesho yake Talal alikwenda. Angeweza kutokwenda, na kila mtu angemwelewa, lakini safari hii miguu ilikubali. Alivaa kanzu. Maalim alimkaribisha kwa uso mkunjufu, akamsogezea chai ya maziwa na vileja, akamuuliza hali ya ami yake. Nyuma ya pazia la ukumbini palikuwa na mtu, bangili zake zilisikika.

"Haya, mwanangu, kunja mikono tulimalize jambo hili," Maalim alisema.

Talal akaanza na wa kushoto. Akaukunja taratibu mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha. Maalim akautazama ule mkono usio na kitu, akasema alhamdulillahi, na nyuma ya pazia mtu akacheka kwa sauti ndogo ya furaha.

"Na huo mwengine," akasema Maalim.