Pindo la Gauni la Duara

Maneno yalimfikia mama mmoja kwa muuza nyanya, tena yalisemwa kwa upole tu, kama mtu anayeulizia bei ya vitunguu. Muuza nyanya alisema amesikia kwamba yule fundi umeme aliyemvisha pete binti wa huyo mama ana mke na mtoto ng'ambo ya reli. Kisha akafunga nyanya, akamgeukia mteja mwingine. Mama akaenda zake, lakini yale maneno yakamganda kama kishonanguo kwenye sketi: unabandua hapa, unakuta mengine yameng'ang'ania nyuma usikofika mkono.

Mama huyu alikuwa fundi cherehani. Yeye na wenzake watatu walikodi chumba kimoja chenye meza kubwa ya kukatia vitambaa katikati, na viti vyao vimeizunguka. Mwenzake wa kwanza waliyemwita Kicheko alikuwa shangazi wa huyo fundi umeme, na ndiye aliyeileta posa kwa miguu yake miwili. Wa pili alikuwa Mama Pasi, mkubwa wao, mwenye kazi ya kunyoosha nguo zikishashonwa. Wa tatu, aliyeambatana na mama tangu usichana, walimwita Kimya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amefunga mdomo.

Binti alikuwa akifundisha watoto wadogo Kiingereza. Jioni moja alimchekesha mama yake, akisema Waingereza ni mabahili wa maneno. Neno lao la duara hulitumia kwa umbo, kwa kundi la marafiki wa karibu, kwa viti vya juu kwenye ukumbi wa maonyesho, kwa weusi ulio chini ya macho ya mtu asiyelala, na hata kwa mwewe anapozunguka juu ya vifaranga.

"La marafiki wamepatia," mama akasema. "La mwewe wametia chumvi."

Binti akacheka, kisha akaizungusha pete kidoleni. Akasema na yeye ameyasikia ya ng'ambo ya reli, na anataka kwenda kujionea. Mama akamwambia amwachie, ataulizia.

Ng'ambo ya reli si mbali. Unavuka, unapita kisimani, unapiga hodi. Lakini mama hakwenda. Aliona aibu kugonga mlango wa watu kwa maneno ya sokoni, na kwa nini ahangaike wakati ana wenzake? Akauliza palepale mezani. Kicheko akacheka hadi akashika mbavu, akasema mti wenye matunda ndio upigwao mawe. Kimya akaapa kwa uhai wa wanawe kwamba huo ni uzushi. Mama Pasi alikuwa ananyoosha kola, hakuinua kichwa, na mvuke ulimfunika uso.

Mama akarudi nyumbani ametua mzigo. "Nimeulizia," akamwambia binti. "Ni wivu wa watu." Binti akamwamini, kwani nani asiyemwamini mama yake?

Mafundi hawa walikuwa na desturi yao. Mtoto wa mmoja wao akiolewa, gauni lake hukatwa duara zima, likaachwa linaning'inia usiku kucha ili kitambaa kijivute, ndipo lipigwe pindo. Na hilo pindo halipitishwi kwenye mashine. Gauni hutandazwa mezani, kila mmoja hushona kipande chake kwa mkono, anamwombea bibi harusi neno moja la heri, kisha anampa sindano wa pembeni yake, mpaka pindo lirudi lilikoanzia.

Zilibaki siku mbili kabla ya harusi. Mama akaanza, akaomba mwanawe apate amani. Kimya akaomba watoto, tena akawataja kwa idadi na kwa sura, mpaka wakamwambia ashone. Kicheko akapokea sindano, akashona kwa madaha, akasema, "Aingie kwenye nyumba yake peke yake, isiyo na mwingine."

Mama Pasi akapewa sindano. Akaitazama, akaichomeka kwenye kifuko cha pini.

"Mimi siwezi," akasema.

"Macho hayo, dada," Kicheko akatania. "Lete nikutungie uzi."

"Macho ninayo. Ndiyo yaliyomwona mke wa mtoto wa kaka yako, alipokuja hapa na mwanawe umshonee nguo."

Ilikuwa siku mama alipobaki nyumbani kumuuguza binti. Nguo za yule mtoto zilikatwa juu ya meza hiyohiyo. Kimya alizitia vifungo, Mama Pasi akazinyoosha. Mama akamgeukia Kimya, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mwanamke yule alikosa la kusema.

Kicheko hakukana. Alisema yule mke ni mkorofi na nyumba yenyewe haina raha. Kijana angemwacha taratibu, na yeye alimchagua binti kwa sababu anampenda kama wake.

"Kwa hiyo mwanangu ni kiraka," mama akasema. "Suruali ya kwenu imechanika, ukaja kukata kitambaa changu."

Kisha akamuuliza Mama Pasi kwa nini alingoja pindo limfikie. Mama Pasi akajibu kwamba aliogopa kuvunja umoja wa chumba. Mama akatazama viti, meza na nguo za watu zilizotundikwa ukutani, vitu vyote alivyoviona kuwa ndugu zake. Akalikunja gauni, pindo lake halijamalizika, akatoka. Hakuna aliyemwita.

Binti alikuwa anajaribu viatu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kulia, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mama, uliulizia kwa nani?"

"Kwa wenzangu."

"Kwa shangazi yake."

Asubuhi binti akavuka reli peke yake, hakuomba kusindikizwa. Aliporudi kidole kilikuwa kitupu. Akamwamkia mama kama mtu anavyomwamkia jirani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nyie wenzangu wenye mabinti, haya yaepukeni:

Usimchunguze mchumba kwa kumuuliza aliyemleta.

Usiridhike na kiapo cha rafiki, hata akiapa kwa wanawe.

Usiwaulize watu wakiwa wamekaa pamoja. Anayeinamisha kichwa mfuate, mwulize mkiwa wawili.

Usione aibu kupiga hodi kwa watu usiowajua.

Usimwambie mwanao "nimeulizia" kama hukutoka nje ya mlango wako.

Na akitaka kwenda kujionea mwenyewe, usimwambie akuachie wewe.