Saa ya Kompyuta ya Kasansa

Evaline hakumwamini Machibya tangu aliposhuka kwenye bodaboda. Mtaalamu gani wa kompyuta anatoka Mpanda mpaka Kasansa na kibegi kimoja cha mgongoni? Na mbona kamsalimia mwenyekiti Erasmus kwanza, tena kwa mikono miwili?

Orodha ya waliogawiwa mashamba ya mpunga ilikuwa imefutwa kwenye kompyuta ya kikundi cha wakulima, na vidole vyote vilimwelekea Evaline, karani. Ikithibitika, polisi wangemchukua leoleo.

"Iwashe basi tuone," Erasmus alihimiza, akichezea funguo mfukoni.

"Hapana, mzee," Machibya alimzuia. "Ikijiwasha yenyewe itaandika mambo yake juu ya ushahidi."

Machibya aliingiza sidii yenye programu aliyokuja nayo, akaiamsha kompyuta kwa hiyo, diski ya ndani isiguswe. Maandishi meupe yakateremka kwenye kioo. Akasoma, kisha akamkazia Evaline macho.

"Imefutwa Jumapili, saa kumi na dakika kumi alfajiri. Nani ana funguo za ofisi?"

"Tuko wawili, mimi na karani," Erasmus alidakia. "Ila mimi nililala msibani Majimoto. Nimerudi Jumapili hiyo saa tatu asubuhi, watu wameniona."

Wamepanga hawa, Evaline alijiambia, wamenimaliza. Hasira ikamsogeza mpaka kwenye kioo. Kiliandika 04:10.

"Kaka, nani kakwambia hiyo ni alfajiri? Betri ya hii kompyuta imekufa zamani. Umeme ukikatika saa inapotea, naiweka mimi. Ikiwa saa nne naandika nne. Nyie huko Mpanda mnaandika ngapi?"

Machibya hakumwamini. Akafungua saa ya kompyuta: 3:25. Akatazama simu yake: 9:25. Akarudia kutazama, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi ni saa nne asubuhi."

Saa nne asubuhi ya Jumapili Kasansa yote ilikuwa misani, na Evaline alikuwa amesimama mbele yao wote, akiongoza kwaya. Njia ya mwongo fupi. Alimgeukia Erasmus.

"Mwenyekiti, Jumapili tumeimba bila besi yako. Nikawaambia wenzangu tukuombee, bado uko msibani. Kumbe saa tatu ulishafika."

Funguo mfukoni mwa Erasmus zilinyamaza.