Amana Isiyotajwa Msibani

Asubuhi ya kumzika Hajjat Medina, kabla jeneza halijatoka uani, mwanawe Sulaiti alisimama mbele ya watu akasema yale yasemwayo katika kila msiba wa Waislamu wa Koboko: yeyote anayemdai marehemu, au aliyemwachia amana, aje kwake, asione haya. Upande wa wanawake, Shakirah aliinua kichwa. Amana alikuwa nayo. Kisha akatazama chini akanyamaza, maana ni mtu gani mwenye akili timamu atakayesimama msibani aseme kwamba marehemu ameondoka na jina la mtandaoni?

Kunyamaza huko kulikuja kumtokea puani.

Shakirah ni katibu wa Sindano ya Koboko, kikundi cha wanawake ishirini na wawili wanaosuka vikapu na kawa za rangi, zile za kufunikia chakula, kazi waliyoachiwa na bibi zao waliokuja na askari wa Sudan. Miaka tisa iliyopita walimwendea Alionzi, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko la Arua, awatafutie jina la mtandaoni, lile analoandika mnunuzi ili alifikie duka lao. Alionzi aliuliza swali moja tu: mwenye jina ni nani, aandike. Wanawake walicheka. Koboko kitu cha watu wengi huandikwa jina la mkubwa wao. Kiwanja hivyo hivyo, kitabu cha benki hivyo hivyo, na kila mtu anajua kwamba mkubwa amekishika tu. Wakamwambia aandike Hajjat Medina. Akaandika, na huko ng'ambo, ambako hakuna aliyejua habari za kushika tu, Hajjat akawa mwenye mali peke yake.

Jina hilo walilishona. Ndani ya kila kikapu na chini ya kila kawa kuna kitambaa kidogo chenye jina la mtandaoni la Sindano ya Koboko, na kwa miaka tisa vitambaa vile vimefika Nairobi, Oslo na kwingine ambako Shakirah hawezi hata kupataja vizuri. Anayependa kawa huigeuza, akasoma kitambaa, akaandika kuomba nyingine. Ndiyo maana mfanyabiashara mmoja wa Kampala, anayeuza vikapu vya plastiki vya kiwandani, alipiga simu mara mbili akitaka kulinunua jina. Mara ya pili Hajjat mwenyewe alichukua simu akamuuliza kama na yeye anauza jina la mama yake.

Barua pepe zilikuja kwa anwani ya Hajjat, na Shakirah alimsomea kila asubuhi huku bibi akichambua ukindu. Hajjat alipofariki, Shakirah aliacha kuzifungua. Bibi alipokuwa hai, alizifungua kwa kuagizwa naye. Sasa nani amemwagiza? Kupekua barua za maiti kabla ya dua ya arobaini aliona ni utovu wa adabu, na wenzake wote waliona hivyo hivyo. Wakaweka sindano chini, wakakaa na msiba wao.

Katikati ya siku hizo barua ilikuja. Kumbe kila mwaka wakubwa wa majina ya mtandaoni humtaka mwenye jina athibitishe kwamba bado ni yeye, abonyeze mahali fulani ndani ya siku kumi na tano. Hajjat hakubonyeza, kwa sababu inayojulikana. Jina likafungwa, na anwani yake ya barua pepe, ambayo ilikuwa imejengwa ndani ya jina hilo hilo, ikafungwa pamoja nalo. Siku moja baada ya arobaini Shakirah alifungua, asikute kitu.

Alipanda gari la asubuhi kwenda Arua. Alionzi alipiga simu kwenye kampuni ya Kampala iliyowauzia jina, na kwa bahati ikapokewa na Patience, binti wa kutoka Logiri, karibu na Arua, anayefanya kazi huko. Alikuwa na heshima kweli, huyo binti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ni jepesi, mwenyewe athibitishe.

"Mwenyewe alikufa," Shakirah alisema.

"Pole sana, mama. Basi tunatuma barua kwa anwani yake, yeye anakubali jina iende kwa wewe."

"Anwani iko imefungwa."

"Inafunguka akithibitisha."

Kisha Patience akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi pia naona. Lakini si mimi naandika hii sheria."

Shakirah alitaka kujua nani anaiandika, na hapo ndipo alipoanza kupanda ngazi isiyo na mwisho. Kampuni ya Kampala iliuza tu kwa niaba ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Kampuni kubwa nayo ilikodi jina kutoka daftari kuu la majina, na daftari linashikwa na wengine. Wenye daftari wamepewa ruhusa na baraza, na baraza lina kamati, na kamati zina kamati ndogo, ambazo hukutana mara tatu kwa mwaka katika miji yenye hoteli nzuri, zikajadili kwa siku sita namna ya kumlinda mwenye jina. Kila aliyeandikiwa alijibu kwa upole mkubwa. Kila mmoja alimtuma kwa mwenzake. Shakirah, ambaye amewahi kupitisha vikapu mpaka wa Kongo na wa Sudan Kusini kwa siku moja, alisema hajawahi kuona watu wengi hivyo wakilinda kitu kimoja bila hata mmoja kuwa na ufunguo wake.

Siku zilikuwa zinayoyoma. Jina hulipiwa kila mwaka, na mwaka wake ulikuwa unaisha tarehe kumi na nne ya mwezi uliofuata. Lisipofunguliwa kabla ya hapo, Alionzi alieleza, litaachwa wazi, alichukue yeyote. Na mfanyabiashara wa Kampala alikuwa amempigia wiki hiyo kuuliza tarehe. Shakirah alizifikiria zile kawa zote, mwenye nyumba kule Oslo akigeuza kitambaa chao na kutokea kwenye duka la plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akaogopa hasa.

Akamwendea Sulaiti, akamweleza yote.

"Shakirah," alisema, "siku ile nilisema mutu yeyote. Wewe ulikuwa pale."

"Niliona haya."

Sulaiti hakumgombeza. Ijumaa baada ya swala aliwaita imamu, mwenyekiti wa mtaa na wazee wa ukoo, wanawake wa kikundi wakakaa upande wa pili, akasimama akasema kwamba mama yake alishika jina ambalo si lake, ni la hawa, naye kama mwana anairudisha amana kwa wenyewe. Aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyekuwa nalo. Chai ilikuwa haijapoa. Karani wa msikiti aliandika barua, mihuri miwili ikagongwa, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba.

Barua hiyo ilipigwa picha ikapelekwa juu ya ngazi. Jibu lilichukua wiki tatu. Lilimshukuru mwombaji kwa uvumilivu wake, likasema muhuri wa msikiti haumo katika orodha ya hati zinazotambulika, likataka hati ya mahakama ya mirathi, iliyotafsiriwa na mfasiri mwenye kiapo, pamoja na uthibitisho kutoka anwani ya barua pepe ya mwenye jina. Hati ya mahakama ni kazi ya miezi. Tarehe kumi na nne ilikuwa imebakiza siku nne.

Shakirah aliisoma barua kibandani kwa Alionzi, akaiweka mezani. Alionzi alikuwa amefikiri kwa siku kadhaa jambo ambalo aliona aibu kulisema.

"Mama, acha kuwa mwenyewe," alisema. "Kuwa mutu wa njia tu. Mutu wa njia hawamuulizi kitu."

Tarehe kumi na nne, saa nne kasoro asubuhi, walikuwa wameketi mbele ya kompyuta, na simu mbili pembeni endapo umeme ungekatika. Shakirah alikuwa akisoma dua moja moyoni, akakosea, akaanza tena. Saa nne na dakika mbili jina likawa wazi. Alionzi alibonyeza. Ukurasa uliuliza jina lako nani, namba yako ya simu ngapi, na unalipa kwa njia gani. Haukuuliza kama yu hai. Haukuuliza Hajjat ni nani, wala mahakama, wala muhuri. Shakirah alilipa kwa simu yake, na kabla ya saa nne na dakika tano jina lilikuwa lake.

Alionzi alicheka kwa furaha. Alipogeuka alimkuta mama wa watu analia, na halikuwa chozi la furaha. Alikuwa na hasira. Kwa miezi miwili alikuwa mwenyewe, na mashahidi, na mihuri, wakamfungia mlango. Leo amekuja kama mtu asiyejulikana, wakamfungulia kwa dakika tatu. Angekuwa yule wa plastiki wangemfungulia hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata barua nyingine ikaja kutoka juu. Shakirah aliisubiri siku ya kikundi, akawasomea wenzake kwa Kiswahili, pole pole. Baraza lilisikitika kumwarifu mwombaji kwamba ombi lake limekataliwa, kwa kuwa jina sasa ni mali ya mtu mwingine, anayeitwa Shakirah. Ikiwa mwombaji anaona huyo Shakirah amemdhulumu, anaweza kumshtaki mbele ya kamati. Fomu ya kurasa thelathini na moja imeambatishwa. Wanawake walicheka mpaka mwenzao Night Poni akaangusha sindano, na mtu akamtania Shakirah ajishtaki, labda atashinda.

Eyotaru, mdogo kuliko wote kikundini, hakucheka. Alingoja wanyamaze.

"Na wewe ukikufa?" aliuliza.

Shakirah aliikunja barua, maana swali hilo alikuwa ametembea nalo tangu Arua. Ukurasa ule wa kulipia ulitaka jina la mtu mmoja, naye aliandika lake, na huko ng'ambo sasa ndiye mwenye mali peke yake.

"Jina nashika tu," alisema. "Si yangu. Mimi nikikufa, barua yangu fungueni siku ile ile, musingoje arobaini. Na mutu atasimama kwa uwanja kusema yale maneno, nani alikuwa na amana. Eyotaru, wewe usione haya kama mimi. Simama, sema jina iko yetu."

Eyotaru akasema atasimama. Wenzao wote ishirini walimsikia, kisha wakaokota sindano zao.